Wasafiri Wasiolingana na Njia ya Kurudi Nyumbani: Kaida za Usimulizi wa Futuhi ya Safari Zikitazamwa kutoka Kisiwa cha Mafia

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa aina za futuhi zinazopatikana katika fasihi za mataifa mengi, iko moja ambayo umbo lake ni jepesi kulieleza lakini nguvu yake ni ngumu kuifafanua. Watu wawili wasiolingana kwa tabia, kwa hadhi au kwa maumbile hujikuta katika safari moja, na mwisho wa safari hiyo ni nyumbani kwa mmoja wao. Kila mmoja ni mzigo kwa mwenzake. Hata hivyo hawana budi kwenda pamoja. Hadhira hucheka mara nyingi njiani, kisha karibu na mwisho kicheko hukatika ghafla.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kaida za usimulizi zinazoijenga futuhi ya namna hiyo. Mfano mkuu ni kisa cha kima na papa, kilichochapwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa ngano za Unguja uliotoka London mwaka 1870, ambamo kinaitwa kisa cha punda wa dobi. Kwa ajili ya ulinganishi itatumika filamu ya Kimarekani Planes, Trains and Automobiles, iliyoongozwa na John Hughes na kutolewa mwaka 1987. Mahali pa kuvitazamia visa hivi viwili ni kisiwa cha Mafia, ambako suala la kurudi nyumbani halitenganiki na suala la chombo, maji na mwenzi wa safari.

Hoja inayotetewa ni kwamba futuhi hii husimama juu ya kaida tatu: kifungo cha chombo, kukiri katikati ya njia, na hukumu ya mlangoni. Inatetewa pia kwamba mazoea ya kukifundisha kisa cha kima na papa kama ngano ya kuonya tu, yenye funzo kwamba akili hushinda nguvu, yamekipunguzia kisa hicho sehemu kubwa ya maana yake.

2.0 Safari katika uchambuzi wa ngano

Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kwamba safari ni uti wa mgongo wa ngano. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapwa mwaka 1928, aliweka kuondoka nyumbani na kurejea miongoni mwa matendo ya msingi ya muundo wa ngano. Arnold van Gennep, mwaka 1909, alizigawa ibada za mpito katika hatua tatu: kutengwa, kukaa mpakani, na kupokewa upya. Kwa upande wa Afrika Mashariki, F.E.M.K. Senkoro ameichunguza safari katika ngano za Zanzibar na kuonyesha uzito wake katika kumjenga mhusika. M.M. Mulokozi naye, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hauwezi kuelezwa kwa maneno yake pekee bila kuzingatia muktadha na namna ya uwasilishaji.

Katika uchambuzi wa jumla, hata hivyo, msafiri anayezingatiwa zaidi ni mmoja: shujaa anayeondoka, anayejaribiwa na kurudi. Safari ya wawili wasiolingana haijapewa nafasi inayostahili. Tofauti baina ya safari hizi mbili ni kubwa. Msafiri mmoja hupambana na njia, ilhali wasafiri wawili hupambana wao kwa wao, na njia huwa ni sababu tu ya kuwafanya wasiachane. Hatua ya mpakani aliyoieleza van Gennep hapa haikaliwi na mtu mmoja anayebadilika, bali na watu wawili ambao mmoja hujulikana kwa sababu ya mwenzake. Ndipo kicheko kinapopata chanzo.

3.0 Mafia kama mahali pa kusafiri na kusimulia

Kisiwa cha Mafia kiko mbele ya delta ya mto Rufiji, nacho pamoja na visiwa vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo vidogo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Ni mahali pa kale katika historia ya upwa. Tarikh ya Kilwa inaitaja Mafia. Magofu ya Kua yako Juani, na ya Kisimani yako kwenye kisiwa kikubwa, ambako bahari imekwisha kumeza sehemu ya mji. Kua iliangamizwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya hapo Chole ikawa mahali pa watawala na wafanyabiashara. Kwa mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani, Mafia iliingizwa katika himaya ya Wajerumani badala ya kubaki pamoja na Unguja na Pemba. Hivyo kisiwa hiki kikawa cha bara kiutawala, ingawa kwa mila na lugha kiliendelea kuwa ndugu wa visiwa vingine.

Mambo mawili ya mahali hapa yanahusu moja kwa moja mada inayojadiliwa. La kwanza ni kwamba mkazi wa Mafia asiyesafiri kwa ndege hana njia nyingine ya kurudi kwake ila kuvuka maji. Atafika Nyamisati kwa gari, atangoje chombo, atangoje maji yajae, kisha avuke hadi Kilindoni. Anayekwenda Chole hushuka tena Utende na kupanda mashua. Zama za matanga, safari ilitegemea kusi na kaskazi. Aliyechelewa upepo alikaa. Kungoja, kwa hiyo, ni sehemu ya safari, na kungoja pamoja na mtu usiyemchagua ni sehemu ya kungoja. Mithali ya wanamaji isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani huzungumza kutoka ndani ya chombo: abiria aweza kuhangaika mbele na nyuma, lakini mwisho hurudi pale pale, ndani kabisa ya chombo alichokipanda pamoja na wenzake.

La pili ni kwamba papa si mnyama wa kufikirika kwa watu wa Mafia. Maji ya karibu na Kilindoni hutembelewa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote, hasa kati ya Oktoba na Machi. Papa potwe, pamoja na ukubwa wake, hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na hamdhuru mtu. Msikilizaji anayemjua papa wa namna hii hatashangaa sana akisimuliwa papa anayekula matunda na kufanya urafiki na mnyama wa mitini. Upole wa papa mwanzoni mwa kisa si lazima auone kuwa ni uongo. Jambo hili dogo ni la maana katika kukifasiri kisa, kama itakavyoonekana.

4.0 Kisa na safari zake tatu

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Mkuyu mkubwa umeota ukingoni mwa maji. Nusu ya matawi yake iko upande wa nchi kavu na nusu iko juu ya bahari. Kima huja kila siku kula matunda, na papa aliye chini humwomba amrushie. Kima humrushia kwa muda mrefu, na urafiki huota. Siku moja papa asema anataka kulipa fadhila kwa kumchukua rafiki yake hadi kwao. Kima husitasita kwa kuwa yeye si wa majini, lakini hushawishika na kupanda mgongoni. Wafikapo kati, papa humweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kwamba laiti angeambiwa mapema angeuchukua moyo wake, maana kima wanaposafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa huamini na kugeuka. Kima hurukia mtini na kunyamaza. Papa anapoita, kima humwuliza kama anamdhania kuwa ni punda wa dobi, kisha humsimulia kisa cha punda huyo.

Katika kisa hicho cha ndani, punda aliyemtoroka dobi amenenepa mwituni. Sungura humpeleka kwa simba kwa ahadi ya ndoa. Punda hushambuliwa, hukimbia, kisha hushawishiwa tena na kurudi, na safari hii huuawa. Simba alikuwa amejitengea moyo na masikio. Sungura huvila yeye, na alipoulizwa hujibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Asili ya kisa hiki ni ya mbali. Kimo katika Panchatantra ya Kihindi, ambamo mwenzi wa kima ni mamba, na katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichofasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ambamo mwenzi wa kima ni kobe. Katika masimulizi hayo, anayetaka moyo ni mke wa mnyama wa majini, kwa wivu au kwa ugonjwa wa kujisingizia. Msimulizi wa Kiswahili amefanya mabadiliko mawili makubwa. Mamba na kobe wamempisha papa. Tena mke amempisha sultani. Badiliko hili la pili si la pambo. Papa wa Kiswahili hasukumwi na mapenzi wala wivu wa nyumbani. Yeye ni mjumbe aliye chini ya amri. Amebeba rafiki yake mgongoni na amri ya mfalme wake kichwani.

Kisa hiki, basi, kina safari tatu. Ya kwanza ni ya kwenda kwa papa. Ya pili ni ya kurudi kwa kima. Ya tatu, ya punda, ni ya mtu aliyekwisha kuokoka ambaye anarudi kwa hiari yake mahali pa mauti. Wasafiri wawili wa mwanzo wanakwenda nyumbani wote, lakini hawaendi nyumba moja. Kadiri papa anavyokaribia kwake ndivyo kima anavyokuwa mbali na kwake. Hapa ndipo penye kiini cha kutolingana kwao, kuliko katika manyoya na mapezi.

5.0 Kaida tatu za usimulizi

5.1 Kifungo cha chombo

Kaida ya kwanza ni kwamba wasafiri wasiweze kuachana. Katika filamu ya Hughes, Neal Page, mtu wa ofisini aliye nadhifu na mkali, anataka kufika kwake Chicago kutoka New York kabla ya sikukuu ya Shukrani. Del Griffith, mchuuzi wa pete za mapazia ya bafuni, ni mwenye maneno mengi na moyo mwepesi. Theluji huipeleka ndege yao Wichita. Treni huharibika njiani. Gari la kukodi huungua. Kila chombo kinaposhindwa, wawili hawa hufungwa pamoja zaidi. Vyombo ni vingi na vyote ni vibovu. Ubaya wa vyombo ndio unaozaa uhusiano.

Katika kisa cha kima na papa mambo ni kinyume. Chombo ni kimoja, nacho ni kizima kabisa. Hakivuji wala hakikosi upepo. Tatizo ni kwamba chombo chenyewe ni mhusika. Papa ni chombo, ni nahodha, ni mwenyeji na ni adui kwa wakati mmoja. Sarufi ya Kiswahili huisaidia kaida hii kwa namna ya pekee. Jahazi huchukua upatanisho wa vitu: jahazi lilikwenda, jahazi lilipinda. Papa, kwa kuwa ni mnyama, huchukua upatanisho wa watu: papa alikwenda, papa aligeuka. Msikilizaji hupewa chombo kilichovikwa viambishi vya mtu, na kila kitenzi kinachosogeza safari mbele kinamkumbusha kwamba kinachomchukua kima kina nia. Katika lugha isiyo na upatanisho wa ngeli, athari hiyo ingehitaji kuelezwa kwa maneno ya ziada. Katika Kiswahili imo ndani ya kitenzi.

Kifungo huonyeshwa pia kwa takriri. Mtambaji wa pwani anapotaka kuonyesha urefu wa safari hasemi ilichukua muda mrefu. Husema akaenda, akaenda, akaenda, huku akivuta sauti, na kiambishi -ka- hubeba mfululizo wa matukio bila kutaja wakati. Mfululizo huo una kazi mbili. Humchosha msikilizaji kidogo kama safari inavyomchosha abiria, na humnyima nafasi ya kuuliza. Wakati -ka- inaendelea, hakuna anayeshuka.

5.2 Kukiri katikati ya njia

Kaida ya pili ni kwamba ukweli usemwe njiani, mahali ambapo kusemwa kwake hakuna manufaa kwa msemaji. Katika filamu, Del anapotukanwa na Neal chumbani Wichita hujibu kwa unyonge na utulivu kwamba hivyo alivyo ndivyo alivyo. Kicheko hukatika. Baadaye, karibu na mwisho, hukiri kituoni kwamba mkewe Marie, ambaye amekuwa akimtaja safari nzima, alikwisha kufariki miaka minane iliyopita, na kwamba yeye hana nyumba.

Kukiri kwa papa ni kwa namna nyingine, na ndiko kulikosahauliwa zaidi na wafasiri. Papa hakuwa na haja ya kusema. Angenyamaza, angemfikisha kima kwa sultani, na amri ingetimia. Anasema kwa nini? Jawabu la kawaida ni kwamba papa ni mjinga. Jawabu hili halitoshi, kwa kuwa mjinga huyu aliweza kubuni mwaliko na kuuvika adabu zote za ugeni. Jawabu linaloafikiana zaidi na lugha ya kisa ni kwamba papa anafungwa na mambo mawili yasiyopatana: utii kwa sultani na haki ya rafiki. Hawezi kuivunja amri, lakini hawezi pia kumpeleka rafiki kwenye kifo bila kumjulisha. Anachagua kutimiza zote mbili, na kwa kufanya hivyo anaharibu zote mbili.

Kinaya cha kisa kiko hapa. Anayesema kweli ni papa. Anayesema uongo ni kima. Anayeokoka ni mwongo, na anayeaibika ni msema kweli. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba kisa hiki ni cha wema dhidi ya ubaya hulazimika kuliruka jambo hili, au kulipaka rangi. Msikilizaji wa papo kwa papo halazimiki, kwa sababu kaida ya futuhi imemruhusu acheke bila kutoa hukumu ya haraka.

Uongo wenyewe wa kima umejengwa juu ya neno moja. Moyo katika Kiswahili ni kiungo cha mwili, na ni pia hiari, ushujaa, ukarimu na ufahamu. Mithali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, inaeleza kwa usahihi alichokifanya kima kwa muda wote alioyarusha matunda: alikwisha kuutoa moyo wake pale mtini. Anaposema kwamba moyo ameuacha mtini, kwa maana ya kiungo anadanganya. Kwa maana ya ukarimu anasema kweli tupu. Papa, aliyetumwa kutafuta dawa, husikia kiungo. Sungura naye anaposema kwamba punda hakuwa na moyo wala masikio hutumia maana ya tatu, ya ufahamu. Visa viwili vimefungwa kwa uzi mmoja wa kisemantiki, na uzi huo hauonekani ukikisoma kisa katika tafsiri ya lugha ambayo moyo wake haubebi mizigo hiyo yote.

5.3 Hukumu ya mlangoni

Kaida ya tatu ni kwamba safari ya wasiolingana haimaliziki kwa kufika tu. Humalizika mlangoni, pale mmoja anapoamua kama mwenzake ataingia au atabaki nje. Neal Page, baada ya kuagana na Del na kupanda treni ya mwisho, hutambua kutokana na vidokezo vya njiani kwamba mwenzake hana pa kwenda. Hurudi, humkuta kituoni, na humchukua hadi kwake. Wote wawili wanabeba sanduku kubwa la Del ambalo lilikuwa kero tangu mwanzo. Nyumba imepanuka.

Kima hufanya kinyume. Akiwa juu ya tawi hunyamaza kwanza, na kunyamaza huko ni kufunga mlango. Kisha husimulia, na baada ya kusimulia hutangaza kwamba urafiki umekwisha. Mlango wa mkuyu, ambao ulikuwa wazi kwa papa kwa muda wote wa matunda, umefungwa. Ikumbukwe kwamba mti huo uliegemea pande zote mbili, bara na bahari. Ulikuwa ni baraza ya pamoja. Mwisho wa kisa mti umebaki, lakini baraza imevunjika.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kima hatumii ngumi wala laana kufunga mlango. Anatumia hadithi. Msafiri aliyekuwa akisimuliwa sasa amegeuka mtambaji, na papa aliyekuwa chombo amegeuka hadhira. Kabla ya safari papa alikuwa akipokea matunda kutoka juu. Sasa anapokea kisa. Katika utambaji wa pwani, paukwa huitikiwa na pakawa, na mwitiko huo ni mkataba: hadhira imekubali kuongozwa. Papa naye anapouliza punda wa dobi ndiye nani, huwa ameitikia. Hadithi ndani ya hadithi ni urithi wa Kalila wa Dimna, lakini hapa imepewa kazi mpya, nayo ni kumwambia aliyekuwa rafiki kwa nini hatapandwa tena.

6.0 Kicheko na hofu ya chombo cha mgeni

Mkusanyo wa Steere ulitoka mwaka 1870. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Unguja. Njia ya vyombo kutoka Kilwa kwenda Unguja ilipita katika maji ya Mafia, na mashamba ya minazi ya Mafia yenyewe yalifanyiwa kazi na watumwa. Wasimulizi na wasikilizaji wa zama hizo waliishi katika bahari ambayo kupanda chombo cha mtu mwenye maneno matamu lilikuwa jambo la hatari ya kweli.

Haidaiwi hapa kwamba kisa kilitungwa kwa ajili ya hayo, kwa kuwa ni kikongwe kuliko biashara hiyo ya karne ya 19 kwa karne nyingi. Linalodaiwa ni kwamba kisa cha zamani kinaposimuliwa mahali papya husikiwa kwa masikio ya mahali hapo. Mwaliko mzuri, kupanda, kufika kati pasipo pa kushukia, kisha kuambiwa madhumuni ya safari: mfululizo huo haukuhitaji kufafanuliwa kwa hadhira ya upwa wa Kilwa, Mafia na Unguja. Mwisho wake, ambamo abiria anakigeuza chombo kwa neno la kinywa chake na kurudi kwao, ulikuwa ni kicheko cha watu waliojua kwamba katika maisha vyombo vile havikugeuka.

Kwa hiyo mwisho wa kisa haukuweza kuwa kama wa filamu. Katika filamu, aliyefungiwa nje ni mnyonge asiye na nyumba, na kumwingiza ndani ni wema usio na hatari. Katika kisa, anayeomba kufunguliwa ana nyumba, ana sultani na ana amri ambayo bado haijatimizwa. Kumpokea ni kurudia kosa la punda. Futuhi mbili zenye kaida zile zile zimetoa hukumu mbili tofauti kwa sababu swali la mlangoni si moja. Moja huuliza kama mwenye nyumba ana huruma. Nyingine huuliza kama mgeni ana mamlaka juu ya mwenyeji wake.

7.0 Utani kama njia ya tatu

Baina ya nyumba inayopanuka na nyumba inayofungwa, jamii za Tanzania zimeijenga njia ya tatu, nayo ni utani. A.R. Radcliffe-Brown, katika makala yake maarufu ya mwaka 1940, aliueleza utani kuwa ni uhusiano unaoruhusu, na wakati mwingine kulazimisha, mtu amdhihaki mwenzake bila mwenzake kukasirika. Utani baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani, kama Wazaramo, umehusishwa na misafara ya karne ya 19, yaani na safari ndefu za watu wasiolingana waliohitajiana.

Utani haufuti kutolingana, wala hauwageuzi wasafiri kuwa ndugu wa nyumba moja. Huwapa kanuni ya kusafiri pamoja hali wakiwa tofauti. Anayemwambia mtani wake chomboni kwamba uzito wake utakizamisha chombo hamfukuzi; anamhesabu miongoni mwa abiria. Urafiki wa kima na papa ulikosa kanuni ya namna hiyo. Ulikuwa wa fadhila na malipo, ukaitwa urafiki, na amri ya kwanza iliyotoka nje ikauvunja. Kisa kinaweza kusomwa kama maelezo ya urafiki usio na utani, ambamo hakuna neno la mzaha lililotangulia kulipima jambo zito kabla halijafika kati ya bahari.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba futuhi ya wasafiri wasiolingana haitegemei vituko vya njiani peke yake. Inategemea kifungo kinachowazuia kuachana, ukweli unaosemwa mahali pabaya, na mlango ambao mwishoni lazima ufunguliwe au ufungwe. Imeonekana pia kwamba lugha ya kisa si vazi la nje tu. Upatanisho wa ngeli, kiambishi -ka-, takriri na maana nyingi za neno moyo ndivyo vinavyoibeba futuhi yenyewe.

Yako matokeo mawili kwa mtafiti na mwalimu. Kwanza, kisa cha kima na papa kisifundishwe kana kwamba papa ni mwovu na kima ni mwema. Mwanafunzi aachwe akutane na rafiki msema kweli aliyebeba amri mbaya, aulizwe angefanya nini angekuwa mgongoni, na angefanya nini angekuwa chini. Pili, ukusanyaji wa ngano katika Mafia na visiwa vyake usiishie kwenye maneno ya mtambaji. Kitabu cha mwaka 1870 kimetuhifadhia maneno, lakini hakikutuhifadhia ni wapi hadhira ilicheka, ni wapi ilinyamaza, na ni nani aliyeuliza swali. Mambo hayo ndiyo yanayotofautisha futuhi na onyo. Yanarekodika leo, barazani Kilindoni au kivukoni Nyamisati watu wanapongoja maji yajae, maadamu wako wanaosimulia na wanaoitikia. Mtambaji akiondoka na mwitiko wa hadhira yake ukiwa haujaandikwa, kinachobaki mkononi ni kisa kilichoacha moyo wake mtini.